Mfuko Ulioandikwa T2

Nimeuza dawa mjini Sa Đéc, kusini mwa Vietnam, miaka kumi na minane, na sifa yangu pale sokoni ni moja tu: mkono mwepesi. Mtu akija na karatasi ya daktari, kabla hajamaliza kujifuta jasho nimeshakata vidonge vyake, nimeshavitia kwenye vifuko vya nailoni, nimeandika juu kwa kalamu ya wino mzito, na namwita anayefuata. Boksi na ile karatasi ndefu ya maelezo nabaki nayo mimi. Nani ataisoma? Herufi zenyewe kama mayai ya chawa. Watu wanataka kujua nimeze ngapi, saa ngapi, basi. Nami nawaandikia. Kwa lugha yetu S ni asubuhi, T ni jioni, na namba ni idadi ya vidonge. S1 T1. Mji mzima unaujua mwandiko wangu, na nilikuwa naringa nao, kwa nini niseme uongo?

Jumatano ile, kwenye saa tatu asubuhi, akaingia kijana nisiyemjua. Shati la kiwandani, macho mekundu ya mtu aliyekesha kwenye basi.

"Dada, mama yangu mdomo wote umeoza. Vidonda mpaka kooni. Nipe kitu."

"Tangu lini?"

"Mimi nimeingia leo kutoka viwandani Bình Dương. Baba anasema siku nne, tano."

"Homa?"

"Anachemka kidogo."

"Joto la mwili hilo. Kala durian, lile tunda la joto?"

"Dada, mama yule na durian! Mwache na mume wa mtu, usimwache na durian."

Tukacheka wote wawili. Nikampa dawa ya kupaka na vidonge vya homa, nikamwambia siku tatu tu mama atakuwa anatafuna pilipili. Sikuuliza mama yake ni nani. Sikuuliza anakunywa dawa gani nyingine. Swali la maneno manne tu, lakini nilikuwa na watu sita kwenye foleni na mmoja alishaanza kusonya.

Saa tisa alasiri akaja Babu Nane, yule anayetembeza tiketi za bahati nasibu. Babu Nane ana majigambo yake: akipewa dawa lazima asome mfuko kwa sauti, watu wajue kwamba ana miaka sabini na tisa na hajui miwani ni nini. Akauinua mfuko wake kwenye mwanga.

"S moja, T mbili," akasoma. "Asubuhi kimoja, jioni viwili. Eti, Sương mwanangu, nimekosea?"

"Hujakosea, babu."

"T mbili, jioni viwili," akarudia, akiwageukia wenzake. "Macho haya!"

Mkono wangu ukasimama hewani na mkasi ndani yake.

Siku zetu za juma nazo tunaziita kwa namba. Jumatatu kwetu ni Siku ya Pili, neno hilo la siku nalo huanza na T, na kwa kifupi, kwenye kalenda, kwenye ratiba za shule, kwenye milango ya ofisi, inaandikwa T2. Herufi ileile, namba ileile. Na siku tisa nyuma, Jumatatu ya wiki iliyopita, nilimkatia mzee mmoja dawa za mkewe za baridi yabisi. Mifuko mitatu. Ya tumbo, nikaandika S1. Ya maumivu, S1 T1. Wa tatu ulikuwa na vidonge vidogo vya njano, thelathini na viwili, vya wiki nane. Vile havichezewi. Vinamezwa vinne kwa mpigo, mara moja kwa juma, siku ileile kila juma, na hapo unakoma mpaka juma lijalo. Ukivimeza kila siku vinaitafuna damu yako huko huko inakotengenezwa, na mahali pa kwanza panapoonekana ni mdomoni. Daktari alitaka mama yule awe anameza kila Jumatatu. Mimi, mwenye mkono mwepesi, nikaandika T2.

Mdomo wote umeoza. Vidonda mpaka kooni.

"Tokeni," nikasema.

"Eh?" Babu Nane akashangaa.

"Tokeni wote, nafunga."

"Mwanangu, hata chenji yangu?"

Nikamtupia noti bila kuitazama, nikashusha mlango wa bati. Nikafungua daftari la dawa kali, lile tunalolazimishwa kuandika majina. Lê Thị Nhàn, ambaye sokoni tunamwita Mama Nne, miaka sitini na mitatu, kitongoji cha Tân Hựu. Simu hakuna. Yule mzee nilimkumbuka: mume wa Mama Nne, kiziwi wa sikio moja, na la pili nalo linakwenda. Nilimweleza? Nilimweleza. Naapa nilimwambia, "Vinne kwa mpigo, Jumatatu tu." Au nilikusudia kumwambia. Ninachokumbuka kwa uhakika ni kwamba aliitikia kwa kichwa, na kiziwi huitikia kwa kichwa kila kitu.

Nikawasha pikipiki. Kwa mwandiko wangu ule, Mama Nne angemeza viwili vingine kukiingia jioni. Kila jioni iliyopita ilikuwa imemsogeza karibu na kaburi, na mimi ndiye niliyeiandika kwa mkono wangu. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu kama mwehu, "Asife, asife, asife."

Tân Hựu ni mferejini, nyumba zote zimezungukwa na vikapu vya maua vilivyopangwa juu ya vichanja, na maji chini. Nikamkuta mwanamke anafunga miche.

"Dada, namtafuta Lê Thị Nhàn."

"Nani huyo? Mtu wa serikali?"

"Anaishi hapa hapa Tân Hựu!"

"Hapa hakuna mtu anaitwa Nhàn."

"Mama Nne," nikasema.

"Sasa si ungesema tangu mwanzo? Mama Nne yupi?"

Hapo nikataka kulia. Huku kwetu deltani mtu anaitwa kwa namba aliyozaliwa nayo, na kifungua mimba anaitwa Mbili ili mashetani wasimjue. Jina la kwenye kitambulisho analijua karani tu. Kila familia ina Nne wake.

"Yupo Mama Nne mshonaji, yupo Mama Nne mnene, yupo Mama Nne wa bata," yule dada akahesabu. "Wako ana alama gani?"

"Ana baridi yabisi."

"Nani hana? Tunashinda majini!"

"Anaumwa. Hatoki nje siku hizi."

"Mama Nne wa bata sijamwona tangu juzi."

Nikaenda kwa Mama Nne wa bata huku pikipiki ikiteleza kwenye tope. Nilimkuta kainama bandani, akageuka, na mdomo wake ulikuwa mwekundu kote, midomo, meno, mpaka kidevuni.

"Mama, fungua mdomo!"

"Nani kafa?"

"Fungua mdomo nione!"

Akatema chini kitu chekundu. Tambuu. Alikuwa anatafuna tambuu.

"We mtoto una wazimu? Unakuja kwa watu unawakagua midomo kama unanunua farasi?"

"Nisamehe, mama. Mimi ni Sương wa duka la dawa. Namtafuta Mama Nne ambaye mumewe hasikii."

"Aaa, wa yule kiziwi!" Akafuta kidevu kwa kiganja. "Nyumba ya mwisho, baada ya daraja la tumbili. Leo wana shughuli, wanamkumbuka marehemu baba wa mzee. Husikii huo uimbaji? Mtu anaua nyimbo za watu tangu asubuhi."

Nilikuwa nausikia. Daraja la tumbili ni gogo moja na fito ya kushika. Pikipiki niliiacha hapo hapo na kuvuka kwa miguu.

Uani palikuwa na meza sita za wageni, bata wa kuchemsha, bia kwenye ndoo ya barafu, na mjomba mmoja kashika maikrofoni anaimba kwa hisia zote. Mzee Nne, yule mume kiziwi, akaniona, uso ukamchanua.

"Sương! Jamani, Sương wa dawa kaja kwetu! Mpeni kiti! Umekula?"

"Mama yuko wapi?"

"Eh?"

"Mama Nne! Yuko wapi?"

"Kajilaza ndani. Kaa kwanza, ule."

Sikukaa. Nikapita jikoni mpaka kitandani, kile kitanda cha mbao kisicho na godoro. Mama Nne alikuwa amelala kwa ubavu na kitambaa mdomoni. Midomo ilikuwa imepasuka, fizi zinatoa damu, na dawa yangu ya kupaka imekauka juu ya vidonda. Mikononi mwake kulikuwa na madoa ya zambarau, ya mtu aliyefinywa kotekote. Nikamshika paji la uso. Alikuwa moto. Pembeni palikuwa na glasi ya maji ya majani ya kupoza joto, haijaguswa, na kando yake mifuko yangu mitatu, imepangwa vizuri, mwandiko ukitazama juu.

Yule kijana wa asubuhi akaingia. Kweli ndiye mtoto wao, Khiêm.

"Dada? Umefuata nini mpaka huku?"

"Mama apelekwe hospitali ya mkoa. Sasa hivi."

"Si ulisema siku tatu?"

"Nilikosea. Mwinueni."

Mzee Nne alikuwa kasimama mlangoni, anatuangalia midomo. Khiêm akamwambia kwa ishara na kwa sauti. Mzee akatikisa mkono.

"Kesho. Leo ni siku ya baba. Wageni wamejaa. Ni joto tu hilo, atakunywa maji ya majani."

Na hapa nitasema ukweli wangu wote, maana nimeshaamua kuusema. Nilijaribu kukwepa. Niliogopa. Niliona leseni yangu, niliona duka, niliona majina watakayoniita sokoni. Nikasema, kwa sauti ya kitaalamu kabisa, "Hii dawa ya njano wakati mwingine huwa inawasumbua baadhi ya watu."

"Basi leo hatumpi," Khiêm akasema. "Tutampa kesho akipata nafuu."

"Hapana, lazima aende leo, damu yake ipimwe."

"Dada, kwa dawa kumsumbua tu? Una habari gari ya kukodi ni pesa ngapi, na baba hapa ana wageni arobaini?"

Alikuwa na haki. Kwa maneno niliyompa, hata mimi nisingemtoa mama yangu nyumbani. Mama Nne akafumbua macho, akanitazama, akajaribu kutabasamu na midomo ile. Sijui binadamu gani angeweza kuendelea kudanganya hapo. Nikamgeukia Mzee Nne.

"Mzee, ni kosa langu!"

"Eh?"

"Nimekosea kuandika!"

"Umekosa nini?"

Mwimbaji wa nje alikuwa anapandisha sauti. Nikamshika Mzee Nne mabega, nikaweka mdomo kwenye sikio lake lililo na uhai kidogo, nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote:

"DAWA HII NI YA MARA MOJA KWA JUMA! NILIANDIKA VIBAYA! NIMEMPA MKEO SUMU KILA JIONI!"

Kumbe sekunde hiyo hiyo wimbo ulikuwa umekwisha. Meza zote sita zilikuwa zimesikia. Mtu aliyekuwa anaweka barafu kwenye glasi akabaki na koleo mkononi.

Mzee Nne safari hii alikuwa amesikia. Akaangalia mfuko, akaniangalia mimi. "T2," akasema polepole. "Jioni viwili. Nimempa kwa mkono wangu. Hakuwa anataka, tumbo lilikuwa linamchafuka. Nikamlazimisha."

"Ni Jumatatu, mzee. Nilimaanisha Jumatatu."

Khiêm akanikamata kola. Sikujitetea.

"Asubuhi nimesimama mbele yako! Asubuhi! Umenichekesha habari za durian!"

"Nipige ukitaka, lakini baadaye. Kwanza mbebe mama yako."

Akaniachia. Wageni wakaamka kwa pamoja, na lile jambo ambalo dakika mbili nyuma halikuwezekana likawezekana lenyewe: mjomba wa maikrofoni ana gari la kubebea maua, wakamwaga vikapu vyote barabarani, wakatandika mkeka, tukampitisha Mama Nne kwenye mtumbwi kwenda ng'ambo. Mimi nilikaa nyuma naye, nimemshikia kichwa. Khiêm alikaa mbele yangu na hakunitazama hata mara moja. Mifuko yote mitatu nilikuwa nimeikumbatia kifuani.

Hospitalini tulipokelewa na daktari mwanamke, kijana, mwepesi wa kuelewa. Nilimweleza kila kitu kwa pumzi moja. Hakunilaumu, hakuwa na muda huo. Wakamtoa damu Mama Nne, wakamwekea dripu, na daktari akaugeuza ule mfuko wa njano kwenye kiganja. Vikadondoka vidonge viwili.

"Uliuza vingapi?"

"Thelathini na viwili."

"Kwa hiyo kameza thelathini. Kwa siku tisa."

"Viwili viwili," Mzee Nne akasema, maana Khiêm alikuwa anamwandikia kila swali kwenye simu. "Viwili kila jioni. Naapa kwa baba yangu ambaye leo ni siku yake."

"Viwili mara tisa ni kumi na nane, mzee. Vingine kumi na viwili viko wapi?"

Daktari akatuvuta pembeni, mimi na Khiêm.

"Sikilizeni. Ikiwa ni kumi na nane, nina dawa ya kupingana nayo hapa, naanza sasa hivi, na figo zake zikikubali nadhani tutamuwahi. Ikiwa ni thelathini, sina uwezo naye. Lazima aende Saigon, mwendo wa saa tatu barabarani, na kwa hali hii sidhani kama atafika. Kiwango cha dawa iliyomo kwenye damu hatupimi hapa. Nahitaji idadi. Muulizeni mwenyewe."

Khiêm akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, baba anakupa viwili. Wewe ulikuwa unaongeza mwenyewe? Ulimeza vingapi?"

Mama Nne hakuweza kusema. Ulimi ulikuwa umevimba, mate yanachuruzika na damu. Akainua mkono wa kushoto, vidole vitano vimefunguka, na wa kulia, kidole gumba kimoja.

"Sita," daktari akasema, na kalamu yake ikaandika. "Alikuwa anameza sita. Siku tano kama hivyo zinatimiza thelathini. Nesi, piga simu ya gari la wagonjwa."

Mama Nne akatikisa kichwa kukataa. Akainua tena, tano na gumba. Sita. Akatikisa kichwa tena, macho yamemtoka, akinitazama mimi.

"Sita, mama, tumeona," nesi akambembeleza. "Usijichoshe."

Daktari yule alikuwa wa kaskazini, lafudhi yake tu ilisema. Kwao watu wanaitwa majina. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mjinga, nahesabu vidonge, sita, sita, mpaka nikaona kwamba Mama Nne haniambii idadi.

"Mama," nikamwinamia. "Sita ni mtu?"

Akafumba macho na kuyafumbua. Ndiyo.

"Mama Sita! Mdogo wako! Ulimgawia Mama Sita?"

Ndiyo, ndiyo, na machozi yakamtoka.

"Daktari, simamisha gari!" Nilikuwa napiga kelele wodini. "Sita ni mdogo wake! Kampa dawa mdogo wake! Kumi na viwili viko kwa Mama Sita!"

Daktari akanikazia macho. "Una uhakika?"

"Magoti yake mabovu pia," Khiêm akasema. "Mama mdogo. Yuko Long Xuyên. Alikuja kutembea Jumapili, baba kaniambia."

Daktari hakungoja zaidi. Akafuta alichoandika, akaandika kumi na nane, na kwa mara ya kwanza nikamwona anapumua. "Tunaanza hapa hapa. Lakini huyo mwingine mpigieni sasa hivi. Kama naye anameza viwili kila jioni, nataka awe kitandani leo."

Khiêm alikuwa anamshika mama yake ili sindano iingie. Akanisukumia simu yake bila kugeuka. Nilitoka ukumbini. Vidole vilikuwa vinateleza kwenye kioo kwa jasho. Simu ikaita, ikaita. Nje dirishani jua lilikuwa limeshashuka. Jioni. Nikamwona mama mmoja mahali fulani Long Xuyên na glasi ya maji mkononi.

"Khiêm?" sauti ikapokea, nzito, ya mtu mwenye nguvu zake.

"Mama Sita, si Khiêm, mimi ni Sương, wa duka la dawa Sa Đéc. Vile vidonge vya njano ulivyopewa na dada yako, usimeze! Umemeza vingapi?"

"Vile? Sijameza hata kimoja."

Nikakaa chini, pale pale sakafuni.

"Mimi dawa nisiyoijua simezi," akaendelea. "Jumatatu nilivipeleka duka la mtaani kwetu. Pana binti mdogo tu pale, hata mwaka hajamaliza. Nikamwambia nataka kujua nimeze vingapi. Akaniuliza, 'Mama, hizi ni za nini, na nani kakuandikia?' Basi nikashikwa. Akavitazama, akaniambia hizi si za kila jioni, hizi mtu anameza mara moja kwa wiki, na wewe hukuandikiwa, usiguse. Akatoa boksi lake la dukani, akanisomea lile karatasi la maelezo lote. Lote! Nimesimama nusu saa."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nikampigia dada, siku hiyo hiyo. Nikamwambia, dada, binti wa dawa anasema unakosea. Mdomo wake ulishaanza kuuma, hata kuongea alikuwa anaongea kwa shida. Unajua alinijibu nini? Akacheka. Akaniambia, 'Kaandika Sương kwa mkono wake. Sương ana miaka kumi na minane pale, hajawahi kukosea. Nimwamini mtoto wa Long Xuyên nimwache Sương?' Akakata simu. Kwani kuna nini? Dada yangu yukoje? Mbona hunijibu?"

Nikamwambia yuko hospitali, nikamwambia aje. Sikumbuki nilimalizaje.

Jumatatu. Kuanzia Jumatatu ile, Mama Nne alimeza Jumatatu jioni, na Jumanne jioni, baada ya kuambiwa asimeze. Angeweza kuacha. Alikuwa na habari sahihi sikioni mwake, imetoka kwa mtu aliyejisumbua kusoma, naye akaitupa kwa ajili ya jina langu.

Khiêm akatoka. "Anasemaje mama mdogo?"

"Hajameza. Hata kimoja."

Akaegemea ukuta, akafunika uso. "Afadhali. Afadhali jamani." Kisha akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu kule nyumbani. "Na nini kingine? Umeongea naye muda mrefu."

Ningeweza kusema hakuna kingine. Mama Sita angefika kesho, na labda kwa pilikapilika angesahau. Nikamwambia. Neno kwa neno, na kucheka kwa mama yake nikakutaja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikamata kola, hakunitukana. Akarudi ndani, akafunga mlango polepole, na hilo liliniuma kuliko kipigo.

Nilibaki kwenye benchi. Daktari akapita, akasema mkojo unatoka, figo zinafanya kazi, kuna matumaini mazuri. Mzee Nne akaja akakaa karibu nami, akaniwekea mkono wake mgumu wa mkulima juu ya goti. Muda ukapita. Mlango ukafunguka tena, Khiêm akasimama pale akiwa na karatasi ndogo. Nesi alikuwa amempa Mama Nne kalamu, kwa kuwa hawezi kusema.

"Mama kaandika," akasema. "Ni yako."

Nikaipokea. Herufi zilikuwa zimepinda, za mtu mwenye vidole vilivyovimba viungo, aliyeishia darasa la tatu. Lakini alikuwa ameandika maneno yote kamili, hakufupisha hata moja. Mtu ambaye hata uji ulikuwa haupiti kooni, ambaye mimi ndiye niliyemfikisha pale, alikuwa ananiuliza:

"Sương, mwanangu, umekula chakula cha jioni?"

Mzee Nne akachungulia, akasoma, akanitazama akingoja jibu. Nikatikisa kichwa, sijala. Basi akainuka, akachukua kofia yake, akaenda kuninunulia wali.